Hozi, pedi au diski kubwa? Vifaa vya kuboresha breki za Suzuki DR-Z400S kuukuu

Suzuki DR-Z400 ilianza kuuzwa mwaka 2000, na toleo la S, lile lenye taa na vioo vya barabarani, likaendelea kutoka kiwandani miaka nenda rudi na breki zilezile: diski moja ya mm 250 mbele ikibanwa na kalipa (koleo la breki linaloshika pedi) ya pistoni mbili, na diski ya mm 220 nyuma. Kawasaki nayo iliiuza pikipiki hiyohiyo kwa jina la KLX400 mwaka 2003 na 2004, kwa hiyo mwenye KLX400 asome bila wasiwasi. Injini yake inajulikana kwa kutokufa. Breki ya mbele inajulikana kwa kulalamikiwa. Na Suzuki wenyewe ni kama wamekubali: DR-Z4S mpya, iliyotangazwa Novemba 2024, imekuja na diski ya mbele ya mm 270.

Wauzaji wa vipuri wana majibu matatu kwa lalamiko hilo: hozi ya breki iliyosukwa kwa waya wa chuma, pedi za sinta (za unga wa metali), na diski ya mm 270 au 280 pamoja na braketi ya kusogeza kalipa. Wapo pia wanaoshauri kubadilisha masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki iliyo usukani. Hukumu tuitoe mapema ili mwenye haraka aende zake. Hozi inastahili kila shilingi. Pedi za sinta zinawafaa wengi lakini si wote. Diski kubwa ni kifaa kizuri ambacho wengi hukinunua kabla ya wakati wake. Masta silinda, isipokuwa iliyopo imekufa, iache.

Kwanza safisha

Pikipiki ya miaka 15 au 20 ikifika ikiwa na breki dhaifu, mara nyingi tatizo ni uchafu na umri. Ukifunga diski mpya juu ya kalipa iliyokwama, umelipia diski na tatizo umelihifadhi. Mkono wa breki wenyewe utakueleza. Ukibonyea bila kukaza, kuna hewa, mafuta ya breki yamechoka au hozi inatanuka. Ukikaza vizuri lakini pikipiki haisimami, angalia pedi: zimeingia grisi, zimeungua uso ukang'aa, au pini za kalipa hazitelezi. Ukipigapiga vidole wakati wa kushika breki, diski imepinda au ina tabaka la pedi lililoshika sehemu moja zaidi ya nyingine. Na kama gurudumu halizunguki huru baada ya kuachia, kuna pistoni isiyorudi au tundu la kurudishia mafuta kwenye masta limeziba.

Kalipa ya mbele ya DR-Z huelea juu ya pini mbili. Pistoni zote mbili ziko upande mmoja. Zinasukuma pedi ya upande wao, kisha kalipa nzima inajivuta kuileta pedi ya pili. Pini zikikauka au zikila kutu, pedi moja hufanya kazi ya mbili. Dalili haina utata: toa pedi uzilinganishe. Zikitofautiana unene kwa zaidi ya milimita moja, au moja ikiwa imeliwa mshazari, pini ndizo za kushughulikia kabla ya kufikiria duka.

Vua kalipa ikiwa bado imeunganishwa na hozi, toa pedi, kisha bonyeza mkono wa breki taratibu ili pistoni zitoke. Ikitoka moja na nyingine ikagoma, izuie iliyotoka kwa kipande cha mbao uendelee kubonyeza. Njia ya upepo wa kompresa inafanya kazi, ila pistoni hutoka kwa kasi ya kuvunja kidole. Weka kitambaa kizito mbele yake na shusha shinikizo. Zikishatoka, tazama ndani ya kalipa mifereji ya sili, ile mipira inayozuia mafuta yasivuje. Humo nyuma ya sili hujificha unga mweupe mgumu, chumvi ya alumini iliyoliwa na unyevu. Unga huo unaisukuma sili ndani, sili inambana pistoni, na pistoni haisogei. Ukwangue kwa kijiti cha mbao au shaba, usitumie bisibisi, maana mkwaruzo mmoja kwenye mfereji utavujisha mafuta milele. Pistoni yenye vishimo vya kutu mahali sili inapopita haifai kusuguliwa, inabadilishwa.

Sasa jambo ambalo karakana nyingi za mtaani hulikosea: kuosha vipande hivi kwa petroli au dizeli, kisha kuvipaka grisi ya bearing. Mpira wa sili za breki hauchukuani na mafuta ya petroli. Huvimba. Baada ya muda breki huanza kujishika yenyewe ikipata joto, na fundi hulaumu diski. Osha kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki, paka sili mafuta mapya ya breki, na pini zipake grisi ya silikoni. Kama kuna mtu aliwahi kujaza oili ya injini kwenye kikopo cha breki, na hilo hutokea kuliko unavyodhani, basi mipira yote imekwisha: sili za kalipa, sili za masta, hozi, hadi mpira wa mfuniko.

Kwenye masta, fungua mfuniko utazame chini ya kikopo. Kuna matundu mawili, moja dogo sana. Hilo dogo ndilo linalorudisha mafuta yaliyotanuka kwa joto, na ndilo la kwanza kuziba. Lizibue kwa uzi mmoja wa waya mwembamba, bila kulitanua.

Baada ya kazi hiyo, pamoja na mafuta mapya, DR-Z nyingi hurudisha breki iliyokuwa nayo dukani. Si breki kali, lakini ni breki. Hapo ndipo tathmini ya vifaa inapoanza kuwa na maana.

Hozi ya chuma

Hozi ya kiwandani ni ya mpira wenye nyuzi ndani. Ikiwa mpya inatosha. Ikizeeka, kila unapobana mkono sehemu ya nguvu yako inaishia kuitanua hozi badala ya kusukuma pistoni. Kwenye pikipiki ya porini kasoro hiyo hukua kwa sababu hozi ni ndefu: shokapu ya mbele ya DR-Z400S husafiri mm 288, na hozi lazima iufuate mwendo wote huo.

Hozi ya kisasa ina mrija wa teflon ndani, wavu wa chuma kisichoshika kutu juu yake, na ganda la plastiki nje. Goodridge na HEL za Uingereza, Galfer ya Uhispania na nyinginezo huuza zilizokatwa tayari kwa DR-Z. Utasikia tofauti siku ya kwanza: mkono unakaza mapema na unabaki palepale hata ukiubana kwa nguvu. Tuwekane sawa lakini, hozi haiongezi nguvu ya breki. Inazuia upotevu, na inakupa hisia ya kujua tairi inakaribia kuteleza. Kwenye changarawe hisia hiyo ina thamani kuliko nguvu.

Nunua yenye ganda la plastiki. Wavu ulio wazi ni msumeno. Utakata kinga ya shokapu, rangi, hata waya wa spidomita. Kwenye hozi halali utaona maandishi ya kiwango cha DOT au SAE J1401 yamechapwa. Hozi isiyo na maandishi yoyote, inayouzwa kwa bei ya soda mbili, iwe ya kumwagilia bustani.

Kinachoharibika zaidi wakati wa kufunga ni bolti ya banjo, ile yenye tundu katikati. Kalipa na masta za Kijapani hutumia uzi wa mm 10 kwa hatua (umbali kati ya nyuzi) ya 1.25. Za Brembo, zilizo kwenye KTM nyingi, ni mm 10 kwa 1.00. Zinafanana kwa macho, na ya 1.00 itaingia mizunguko miwili mitatu kwenye tundu la 1.25 kabla ya kukaza. Ukilazimisha, umeua masta. Iingize kwa vidole hadi karibu mwisho; ikikataa, si yake.

Kila ncha ya hozi inahitaji wosha mbili laini, za shaba au alumini, moja kila upande wa jicho la banjo. Jumla nne, na ziwe mpya, kwa sababu huziba kwa kubonyea na hubonyea mara moja tu. Suzuki hutaja kipimo cha kukaza cha Nm 23 kwa bolti hii. Honda hutaja Nm 34 kwenye zake, na hapo ndipo wanaosoma kitabu cha pikipiki ya jirani huvunja bolti. Ikivuja ukiwa umekaza kwa kipimo, usiongeze nguvu. Fungua uangalie wosha.

Kabla ya kukaza kabisa, inua gurudumu la mbele hewani ili shokapu inyooke yote, kisha geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Hozi isivutike. Halafu shusha, bonyeza shokapu kadiri unavyoweza, na uangalie kama hozi inajikunja kuelekea kwenye tairi au spoku. Pitisha kwenye vishikio vile vile vya kiwandani. Pikipiki iliyoinuliwa usukani kwa vipandishio inahitaji hozi ndefu zaidi, na ni bora kumwambia muuzaji kabla ya kulipa.

Pedi

Pedi za kiasili za aina ya organiki, yaani nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi, hushika kwa upole, haziunguruzi, na haziili diski. Udhaifu wake ni tope. Siku moja ya kupita kwenye maji yenye mchanga inaweza kuimaliza seti nzima, kwa kuwa chembe za mchanga huichimba gundi. Pedi za sinta hutengenezwa kwa unga wa metali uliobanwa na kuunguzwa hadi ukashikana. Hudumu kwenye matope, hushika zikiwa zimelowa, na hustahimili joto.

Soma herufi mbili zilizochapwa mgongoni. Ya kwanza hueleza mshiko kwenye joto la chini, ya pili kwenye joto la juu. F ni kati ya 0.35 na 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55, H ni zaidi ya 0.55. Pedi ya FF ikibadilishwa na HH unapata ongezeko la mshiko ambalo hakuna diski ya mm 270 inayoweza kukupa peke yake, kwa sehemu ndogo ya bei. Pedi isiyo na herufi yoyote mgongoni irudishe kwenye pakiti yake.

Upande wa pili wa sinta ni kwamba metali hupitisha joto. Joto ambalo pedi ya organiki ingelizuia sasa linapita hadi kwenye pistoni na mafuta. Mafuta ya zamani yenye unyevu yatachemka, mkono utaanguka hadi kwenye mpini, na hilo litatokea katikati ya mteremko. Kwa hiyo sinta na mafuta mapya ni seti moja. Jambo jingine: sinta huila diski haraka. Diski yako ina unene wa mwisho uliochongwa juu yake kwa milimita. Ipime sehemu kadhaa kwenye njia ya pedi, si ukingoni ambako haijaguswa. Kama imekaribia namba hiyo, hesabu za diski mpya zimeshaanza zenyewe.

Kwa anayepanda barabara za vumbi kavu, peke yake, mwendo wa wastani, organiki ya GG itamtosha na itamtunzia diski. Anayekutana na mito, matope ya masika au mizigo achukue sinta. Nyuma tunaweka organiki kwa wengi: breki ya nyuma yenye mshiko mkali hufunga tairi kwenye changarawe kabla ya mguu kujua.

Kubadilisha aina ya pedi bila kugusa diski ni kazi nusu. Tabaka la pedi ya zamani bado lipo. Sugua nyuso zote mbili za diski kwa msasa wa 150 kwa mizunguko midogo hadi mng'ao wa zamani upotee, kisha futa kwa spiriti. Halafu zizoweshe pedi: kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa shuka hadi 10, kwanza kwa kubana kidogo, kisha ukiongeza, mara 20 hadi 30, na mapumziko ya kupoza katikati. Usisimame kabisa ukiwa umebana zikiwa za moto. Pedi itaacha alama yake kwenye diski na mkono utaanza kupigapiga.

Diski ya mm 270

Tufanye hesabu, maana maneno ya matangazo hayana kipimo. Nguvu ya breki hutegemea umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi katikati ya pedi. Kwenye diski ya mm 250 umbali huo ni kama mm 111. Kwenye ya 270 ni kama 121. Ongezeko ni asilimia 9 hivi. Ya mm 280 inafikisha asilimia 13 au 14. Basi. Anayesema breki yake imekuwa maradufu baada ya diski kubwa amebadilisha pia pedi, mafuta na pengine hozi siku hiyohiyo, na sifa zote akaipa diski.

Faida ya pili, ambayo matangazo huisema kidogo na ni kubwa zaidi, ni joto. Diski kubwa ina chuma zaidi cha kulimeza na uso mpana wa kulitoa. Ukiongeza mwendo mara mbili, joto la kusimama huwa mara nne. Kwa mtu mwenye masanduku, abiria na mteremko wa kilomita nyingi wa lami, diski ya 250 hufika mahali inakuwa ya buluu na pedi zinaanza kunuka. Hapo 270 ina kazi ya kweli. Kwenye vijia vya porini, mwendo wa kilomita 30, haina.

Galfer, Moto-Master ya Uholanzi, Braking ya Italia na EBC ya Uingereza ni kati ya makampuni yanayotengeneza diski kubwa kwa pikipiki za aina hii. Seti hununuliwa ikiwa na braketi, kwa kuwa kalipa lazima isogee nje, mm 10 kwa diski ya 270 na mm 15 kwa ya 280. Kwa bei za mtandaoni seti hiyo ni takriban mara tatu ya hozi, kabla hujaongeza usafiri na ushuru.

Braketi ndiyo ya kukagua kwa jicho kali kuliko diski. Iwe imechongwa kutoka kwenye alumini nzima, si iliyomiminwa, na bolti zake ziwe za daraja la 8.8 au zaidi. Nguvu yote ya kuisimamisha pikipiki na mzigo wake inapita kwenye kipande hicho. Ukishafunga, paka diski wino wa kalamu nene, zungusha gurudumu mara chache ukibana kidogo, kisha tazama wapi wino umefutika. Ukifutika pete nzima hadi karibu na ukingo, vizuri. Pedi ikining'inia nje ya ukingo hata kwa milimita moja, itaota mdomo usioguswa, na siku moja mdomo huo utagusana na pedi ya pili na breki haitabana tena. Pedi ikiingia ndani hadi kwenye mikono ya diski, braketi si ya diski hiyo.

Bolti za diski za pikipiki kuukuu ndizo zinazomaliza uvumilivu. Ziliwekwa gundi ya nyuzi kiwandani, na vichwa vyake vya alen ni laini. Zipashe moto kwanza kwa bunduki ya hewa ya moto hadi gundi ilainike, gonga kichwa mara moja kwa nyundo kupitia spana, kisha fungua. Usizirudishe. Bolti mpya, matundu yaliyosafishwa, tone la gundi ya nguvu ya kati, zikazwe kwa mkingamo na kwa kipimo cha kitabu. Halafu funga kipande cha waya kwenye shokapu, ncha ikikaribia kugusa diski, zungusha gurudumu. Mchezo ukizidi mm 0.3, toa diski usafishe uso wa habu, yaani kitovu cha gurudumu; punje moja ya kutu chini ya diski hutosha kuipindisha.

Diski za mawimbi, zile zenye ukingo wa kupanda na kushuka, hukwangua tope kwenye pedi vizuri na ni nyepesi. Ila chuma kilichokatwa ni chuma kisichomeza joto, kwa hiyo ya mm 270 ya mawimbi haibebi joto kama ya duara kamili. Zinazoelea juu ya vifungo vya katikati ni tamu barabarani. Porini vifungo hujaa matope, hugongagonga na kuchakaa. Kwa DR-Z ya kazi, diski ya kipande kimoja inatosha.

Ubaya wa mwisho: diski kubwa iko karibu zaidi na mawe. Kinga ya plastiki ya kiwandani inaweza isikae tena. Diski ya mbele iliyopindwa na jiwe kilomita 60 kutoka barabarani ni safari iliyokwisha, na ya mm 250 ya kiwandani ni rahisi kuipata kuliko ya 270 ya kuagiza. Itunze ya zamani kama bado ina unene.

Masta silinda, na kwa nini tunasema iache

Uwiano wa nguvu ni eneo la pistoni za kalipa kugawanya kwa eneo la pistoni ya masta. Chukua kalipa yenye pistoni mbili za mm 27. Ikisukumwa na masta ya mm 11, uwiano ni kama 12 kwa 1. Masta ya nusu inchi, yaani mm 12.7, inatoa 9 kwa 1. Ya mm 14, inayong'olewa kwenye pikipiki za barabarani zenye diski mbili, inatoa 7.4 kwa 1. Huyo anayefunga masta ya pikipiki kubwa kwa kuwa inaonekana ya kifahari anapata mkono mgumu kama mti na breki dhaifu kuliko alipoanza. Namba huchongwa kwenye mwili wa masta, isome. Ukiwa na ya 12.7, kushuka hadi 11 kunaongeza shinikizo kwa theluthi moja na kunaongeza mwendo wa mkono kwa theluthi hiyohiyo, jambo linalowezekana tu ukiwa na hozi ya chuma na mfumo usio na hewa hata kidogo. Ukiwa na ya 11 tayari, hakuna pa kwenda. Masta inayovuja ndani, yaani mkono unazama taratibu ukiubana na kuushikilia, nunulia seti ya sili na pistoni za ukubwa uleule.

Mafuta na kutoa hewa

DOT 4 inatosha. Ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi joto 230, ikishanyonya unyevu inashuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180, na zinachanganyika. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na hizo mbili. Usidanganyike na ukaribu wa namba. Nunua chupa ndogo iliyofungwa. Chupa iliyokaa wazi rafuni mwa fundi tangu mwaka jana imeshakunywa maji ya hewa.

Baada ya hozi mpya mfumo ni mtupu, na kupampu kwa mkono kutoka juu kunachosha kwa sababu hewa inataka kupanda wakati wewe unaishusha. Tumia sirinji ya ml 60 na mrija wa plastiki kwenye nipeli ya kalipa (ile ya kutolea hewa), sukuma mafuta kutoka chini kwenda juu, ukichota yanayozidi kwenye kikopo. Angalia yasimwagike, yanakula rangi na plastiki, na maji mengi ya papo hapo ndiyo dawa yake. Kisha malizia njia ya kawaida: bana, fungua nipeli robo mzunguko, funga, achia. Hewa ya mwisho hukaa kwenye banjo ya juu, pale masta inapoungana na hozi. Geuza usukani hadi banjo iwe chini ya kikopo, zungushia kitambaa, bana mkono na legeza bolti ya banjo kidogo tu hadi vipovu vitoke, kaza. Funga mkono wa breki kwa kamba usiku kucha; vipovu vidogo vitapanda vyenyewe hadi kwenye masta, na ukiuachia vitatokea kikoponi.

Wenye dramu

Yamaha DT na Honda XL za zamani, ambazo bado zinabeba watu na mizigo Afrika Mashariki, nyingi zina breki za dramu mbele. Kuzihamishia diski kunahitaji shokapu, habu na gurudumu la pikipiki nyingine, na gharama hupita bei ya pikipiki. Kinachosaidia ni breki shuu mpya zilizochongwa zikae sawa na dramu, waya mpya wenye ganda lisilobonyea, na kuangalia pembe kati ya waya na mkono wa kamu (kipande kinachotanua shuu) pale breki inapobana kabisa: iwe karibu na nyuzi 90, isizidi. Ikizidi, nguvu inapotea hata shuu zikiwa mpya, na kusogeza mkono jino moja kwenye shafti yake ni kazi ya dakika tano.

Kwa DR-Z, breki ya nyuma inahitaji mafuta mapya na pedali yenye mchezo kidogo kabla ya kubana. Pedali isiyo na mchezo hushika muda wote, mafuta yanapata joto, yanatanuka, na gurudumu linajifunga lenyewe. Kila kilichofunguliwa kwenye kazi hii, bolti za diski, braketi na kalipa, kipitishiwe spana ya torki tena baada ya kilomita 100 za kwanza, na mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili hata kama pikipiki ilikaa bandani.